Nani Akae na Nani: Miezi Saba Kwenye Meza ya Tiketi

Nimestaafu Ijumaa iliyopita saa kumi na moja jioni, nikiwa na umri wa miaka kumi na nane. Neno "kustaafu" si langu, ni la Dada Eliza aliyenifundisha kazi. Alininunulia soda na keki ya duka la jirani, akasimama kama mgeni rasmi, akasema, "Leo tunamuaga mstaafu wetu. Ametumikia ofisi hii miezi saba na kuvunja stepla mbili." Nilicheka huku nimeinamisha kichwa, maana mimi nikisemwa mbele ya watu, hata kwa wema, masikio yanawaka moto.

Jumatatu ijayo naripoti kidato cha tano, na siku hiyohiyo wewe Subi, binamu yangu, utakaa kwenye kiti changu kusubiri matokeo yako kama nilivyosubiri yangu. Nilitaka kukaa na wewe nikuelekeze kwa mdomo, nikajua nitasema maneno matatu nianze kukuna mkono. Basi nimekuandikia. Daftari langu la kila siku limejaa mambo ya ofisi ile, nami nimechambua yale yatakayokufaa. Mshahara sitautaja. Kwanza haukuwa mrefu, hivyo habari yake isingekuwa ndefu.

Ofisi unaijua kwa nje: hapa Tunduma kando ya barabara kuu, upande mmoja duka la vipuri vya malori, upande wa pili wabadilisha fedha wanaoita wateja kwa Kiswahili, Kibemba na Kiingereza katika pumzi moja. Sisi si kampuni ya ndege. Sisi ni mawakala. Kampuni inarusha ndege kutoka uwanja wa Songwe kwenda Dar es Salaam, sisi tunakata tiketi, tunabadilisha tarehe, tunapanga viti, na ndege ikichelewa tunalaumiwa sisi kwa sababu ndio tunaoonekana.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Desemba, mvua inanyesha, nimevaa sketi ya shule niliyoitoa nembo. Dada Eliza aliniuliza kama nimewahi kupanda ndege. Nikasema hapana.

"Vizuri," akasema. "Wateja wetu wengi bado pia. Utajua wanachoogopa."

Hadi leo sijapanda. Siri hiyo kaa nayo wewe. Mteja akikuuliza huko juu kukoje, sema, "Watu wengi hulala," ambayo ni kweli, nimeambiwa na waliolala.

Chombo cha kwanza alichonipa hakikuwa kompyuta. Kilikuwa kipande cha manila, ambacho sisi tunakiita ubao, alichochora ndege kwa kalamu ya wino mzito: safu kwa safu, viti viwili kushoto, viwili kulia, njia katikati. Kushoto ni A na B, kulia ni C na D. Mtu mzima ni kizibo cha soda. Mtoto wa kuanzia miaka miwili, ambaye lazima awe na kiti chake, ni kizibo kilichogeuzwa. Mtoto wa chini ya hapo, anayepakatwa, ni punje ya hindi, na punje haikai kwenye kiti peke yake, inakaa juu ya kizibo. Ukimwambia mzee aliyetoka Mbangala kwamba mjukuu wake ana tiketi lakini hana kiti, atadhani unamtapeli. Mwekee punje juu ya kizibo, ataelewa kabla hujamaliza. Ila angalia watoto. Mara moja mtoto wa mteja alikula abiria wawili tukiwa tunaongea.

Kabla ya kugusa kompyuta, alinifundisha, familia unaiuliza maswali matatu. Mko wangapi? Magoti mangapi? Nani hawezi kukaa mbali na nani? La pili ndilo watu hulicheka, nalo ndilo muhimu, kwa sababu mtu mzima mmoja anapakata mtoto mmoja tu. Mama mwenye watoto wawili wachanga anahitaji magoti ya mtu mwingine, awe dada yake, awe nani.

Kilichonitoa jasho zaidi ni simu. Ilikuwa ikilia nachukua fagio. Wiki ya kwanza nilifagia ofisi mpaka Dada Eliza akauliza kama naona dhahabu sakafuni. Dawa niliyoipata ni hii: kabla ya kupiga simu, andika sentensi tatu kwenye karatasi, usome. Mara nyingi sentensi ya pili inapotea, lakini ya kwanza inakuwa imeshakutoa.

Januari nilikutana na kesi yangu ya kwanza ya kuandika daftarini. Mwalimu mmoja wa Chitete alikuwa amejikatia tiketi yake kwa simu, halafu akaja kwetu kuwakatia mke na watoto watatu. Ndege moja, siku moja. Baadaye ratiba yake ya semina ikasogezwa, naye akasogeza safari yake kwa simu ileile, akalala usingizi mzuri. Siku moja kabla ya safari ya zamani akapita kuulizia mizigo.

"Binti, sisi si tumesogeza safari?"

"Umesogeza yako, mwalimu."

"Na ya mke wangu?"

"Ya mke wako iko palepale. Kesho asubuhi."

"Lakini ni mke wangu!"

Dada Eliza hakuinua hata macho. "Hongera, mwalimu. Ila mfumo haujui ndoa, unajua namba ya safari. Wewe una namba yako, wao wana yao."

Tuliwasogeza wote siku ileile, kwa faini, na mwalimu akaondoka akiwa mwanafunzi. Tangu hapo familia ikikaa mbele yangu nauliza kama kuna mwenzao aliyekwisha kukata kwingine. Kama yupo, tunaomba kampuni iziunganishe namba zao, au angalau tunawaandikia kwa kalamu nyekundu: mkibadilisha mmoja, badilisheni wote. Wasipounganishwa hata viti vinawatawanya, mtoto wa miaka minne safu ya pili na baba yake safu ya kumi na tano, na hapo uwanjani wafanyakazi wanaanza kuwabembeleza abiria wahame.

Mengine ni madogo lakini yanauma. Mama mmoja wa Ileje alikuwa anampeleka bintiye kwa bibi, akakaribia kuondoka na tiketi za kwenda na kurudi akimpakata. Nikaangalia cheti cha kuzaliwa: mtoto angetimiza miaka miwili wakiwa hukohuko Dar. Anakwenda punje, anarudi kizibo. Basi soma tarehe ya kuzaliwa kwa tarehe ya kurudi pia, usiangalie ya kwenda tu. Na cheti wasafiri nacho, hata mtoto akiwa anafanana na baba yake mpaka na matege.

Safu ya mlango wa dharura usimpe mwenye mtoto, mjamzito wala mzee, hata akikuomba kwa ajili ya miguu mirefu. Aliyekaa pale anaweza kuambiwa afungue mlango. Na jambo ambalo utalirudia mpaka sauti ikukauke: jina halibadiliki. Tiketi ya basi ukiugua unampa shemeji, anapanda, safari inaendelea. Ndege siyo. Tarehe inabadilika kwa gharama, saa inabadilika, mtu habadiliki.

Wateja wa ng'ambo ya mpaka watakwambia "natotela." Ni asante. Mimi mwezi mzima nilijibu "haipo leo," nikidhani wanaulizia kitu.

Sasa nije kwenye Machi.

Dada Eliza alikuwa amekwenda Mbeya kwa siku tatu kwenye mafunzo, nami nilikuwa peke yangu, najiona bosi. Akaingia Mzee Nzunda wa Hasamba, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, koti la suti, kofia mkononi. Nyuma yake mke wa mwanawe, Mama Anania, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mikononi. Mapacha wa kiume, mwaka mmoja na miezi mitatu: Anania na Ayubu. Mama alisubiri mpaka mzee akakaa kiti cha mbele yangu, ndipo akaenda kukaa kwenye benchi la mlangoni, uso ameuelekeza pembeni. Nilidhani amechoka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti. Tunataka kwenda Dar. Jumatano tuwe mbele ya daktari."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa taarifa kwenye mkutano. Jicho la kulia la Anania lilikuwa na ukungu mweupe, kama kioo cha gari asubuhi ya baridi. Daktari alikuwa amewaambia kwamba jicho la mtoto lisipotumika mapema, ubongo unalisusa, na ukishalisusa hata ukungu ukitolewa halioni vizuri tena. Walishakwenda mara moja, kwa basi. Watoto walitapika njia nzima, wakafika na homa na kikohozi, na daktari akakataa kumlaza kwa dawa ya usingizi mtoto anayekohoa. Wakarudishwa. Hii Jumatano ilikuwa nafasi ya pili, na ya tatu hakuna aliyejua ingekuwa lini. Baba wa watoto ni dereva wa lori, alikuwa amekwama foleni huko Kongo. Bibi yao alikuwa amevimba miguu. Watoto wote wawili bado wananyonya, hawaachani.

"Kwa hiyo anayepakata wa pili ni wewe, baba?"

"Ni mimi."

Nilitoa ubao wangu kwa fahari. Vizibo viwili, punje mbili. Nikauliza lile swali la tatu: nani hawezi kukaa mbali na nani?

"Mapacha hawa hawatengani," mzee akasema. "Wanalala shuka moja. Mmoja akilia hapa, mwenzake analia pale."

Rahisi, nikawaza. Familia ikae pamoja, ndiyo kazi yetu. Nikaweka kizibo cha mama tisa A, dirishani, na kizibo cha mzee tisa B, bega kwa bega, kila mmoja na punje yake.

"Hivi sawa?"

Mzee akatazama malori barabarani. Mama akatazama sakafu. Hakuna aliyesema kitu. Nikabonyeza, nikachapisha, nikabana kwa stepla. Mimi mwenyewe ni mtu wa kunyamaza, Subi. Mara ngapi nimenyamaza darasani watu wakaandika kwamba nimekubali? Mtu wa kwanza kuelewa kimya kile alipaswa kuwa mimi.

Kesho yake nilimkuta mzee mlangoni kabla sijafungua.

"Binti, nimekuja uandike jina la dada yangu mahali pa langu."

"Jina halibadiliki, baba. Tungefuta tiketi yako na kukata mpya. Na dada yako awe na kitambulisho."

"Kitambulisho chake kiliungua na nyumba."

"Basi hawezi kupanda. Kwani baba umepata dharura?"

Akaigeuza kofia mkononi, mzunguko mzima.

"Sina dharura," akasema. "Nina heshima."

Akaondoka. Nilibaki na lile neno kama mtu aliyepewa mzigo bila kuambiwa upelekwe wapi. Nilichojua ni kwamba bila magoti yake, pacha mmoja hana pa kukaa, na mama hawezi kumwacha nyumbani anayenyonya.

Saa sita simu ikalia. Sikuchukua fagio. Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu aliyejificha nyuma ya nyumba.

"Ni mimi, Mama Anania. Mdogo wangu, wewe umeolewa?"

"Hapana, dada."

"Ndiyo maana."

Akaendelea.

"Tangu niingie nyumba hii sijawahi kumpa baba kitu mkononi. Chai naiweka mezani, naondoka, ndipo anakaa. Jina lake silitamki. Njiani tukikutana napisha. Leo nikae naye bega kwa bega, nimtolee mtoto ziwa, saa nzima na zaidi, na sina pa kukimbilia?"

"Pole, dada. Mbona jana hukusema?"

"Nisemeje mbele yake? Na yeye aseme nini mbele yangu? Jana alirudi nyumbani hakula. Nimemwambia mama mkwe, mimi nabaki. Hilo jicho wataliangalia siku nyingine."

"Lakini daktari amesema..."

"Najua alichosema daktari," akasema. "Nilikuwepo."

Simu ikakatwa. Nitakwambia ukweli kwa sababu hili ni daftari: nilikwenda chooni nikalia. Niliona jicho la mtoto wa watu linafungwa na kidole changu kilichobonyeza tisa A na tisa B. Halafu nikanawa uso, nikaandika sentensi tatu, nikampigia Dada Eliza nikamsomea habari ya mapacha, mama yao na mzee.

"Wale mapacha umewaweka wapi?" akauliza.

"Tisa A na tisa B."

"Punje mbili upande mmoja wa safu?"

"Ndiyo."

"Wewe mtoto! Upande mmoja wa safu, mtoto mmoja wa kupakatwa. Vifaa vya dharura juu ya vichwa vyao vimehesabiwa. Uwanjani wangewatenganisha dakika za mwisho, mmoja safu ya tatu, mwingine mkiani."

"Sikujua."

"Sikukwambia. Hilo langu. Na mkwe?"

"Mkwe gani?"

Nikasikia anavuta pumzi. "Baba mkwe umemkalisha na mkamwana. Mama yako si wa Ileje? Hajawahi kukusimulia?"

Alishanisimulia. Mama yangu husema alipoolewa alikuwa anazunguka nyuma ya nyumba kila baba yake baba akikaa barazani. Nilidhani ni hadithi za zamani, kama za fisi. Sisi watoto wa Tunduma tumezaliwa kwenye honi za malori, tunafikiri kila kitu kimeshavuka mpaka kikaenda.

"Sikiliza," Dada Eliza akasema. "Mwanamke asikae naye, lakini asiwe mbali, kwa sababu yule pacha atataka kunyonya na lazima apitishwe. Anatakiwa mtu katikati. Kiti gani kipo wazi?"

"Tisa C. Na vitatu vya nyuma."

"Nani mwingine kakatia kwetu ndege hiyo?"

Nikaangalia. "Mama Zawadi, wa maharage, wa Mlowo. Yuko nne B."

"Mnene au mwembamba?"

"Mnene."

"Mpigie."

Mama Zawadi alikuwa sokoni, nilisikia watu wakibishana bei nyuma yake. Nikasoma sentensi ya kwanza: nilikuwa namwomba ahame kiti kutoka nne B kwenda tisa B.

"Nihame? Nimechagua kiti cha mbele nishuke mapema, mdogo wangu. Kuna nini huko safu ya tisa?"

Sentensi ya pili ikapotea kabisa.

"Kuna mkwe," nikasema.

"Mkwe wa nani?"

Nikamweleza yote bila karatasi: jicho, Jumatano, mama dirishani, mzee ng'ambo ya njia, na mtoto wa kupitishwa. Kelele za soko zikaendelea kidogo, kisha akaangua kicheko mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

"Sasa si ungeanza na hapo! Mimi baba mkwe wangu amekufa hatujawahi kula meza moja, Mungu amrehemu. Niweke. Nikikaa mimi katikati huyo mzee hataona hata dirisha."

Nikapiga kampuni ya ndege, wakakubali kubadilisha viti, jambo ambalo kabla ya siku ya safari kwa kawaida si gumu. Mama tisa A, Mama Zawadi tisa B, njia, mzee tisa C. Kila upande punje moja.

Ikabaki kuwaambia. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakipo kwenye ubao. Nilitaka kumpigia mzee nimwombe radhi kwa kutojua heshima zao. Dada Eliza akanikataza. "Ukimwomba radhi umemvua nguo. Mpe sheria." Basi nikampigia.

"Shikamoo baba. Nimepata taarifa ya sheria ya ndege. Watoto wawili wa kupakatwa hawaruhusiwi kukaa upande mmoja. Imenilazimu kuwatenganisha. Wewe utakaa ng'ambo ya njia, na katikati yupo mama mmoja mtu mzima, atasaidia kupokea mtoto."

Kimya kirefu. Safari hii sikukimbilia kukiita kukubali. Nilisubiri.

"Sheria ni sheria," akasema mwishowe, na nikaisikia pumzi ikimtoka kama gunia linaloshushwa. "Mwambie na huyo mwenzangu. Mwambie ni sheria."

Nikamwambia Mama Anania. Akauliza mara mbili ni nani anayekaa katikati, na mara ya pili sauti yake haikuwa ya kujificha tena.

Kwa hiyo andika kwenye ubao, kwa mkono wako, swali la nne: nani anamheshimu nani? Usiliulize kwa sauti mbele ya wote. Angalia nani amesubiri nani akae. Ukiona mmoja amechagua benchi la mlangoni wakati kiti kipo, mtafute baadaye peke yake.

Walisafiri Jumanne. Jioni yake Mama Zawadi akanipigia mwenyewe, hata salamu hakumaliza.

"Umenipa kazi wewe! Mwanzo sawa, mzee ananipa mtoto, mimi nampa mama, mama ananirudishia, namrudisha. Posta kabisa. Tukafika milimani, ndege ikaanza kurukaruka, taa ya mikanda ikawaka. Yule mtoto wa babu akaanza kulia, mwenzake naye."

"Ukampitisha?"

"Nimpitishe na mikono ipi? Nilikuwa nimeshika kiti cha mbele, macho nimefumba, nasali zaburi zote nilizofundishwa kipaimara. Nilipofumbua, watoto kimya. Nikaangalia vizuri. Anania yuko kwa mama, Ayubu yuko kwa babu. Wamebadilishana!"

"Nani amewapitisha?"

"Si mimi. Walipitishiana wao wenyewe, juu ya magoti yangu, mkono kwa mkono. Nikawaangalia, kila mmoja anatazama upande wake kama hakuna kilichotokea. Na mimi nikafumba macho tena. Yangenihusu nini?"

Sikumwambia Mama Anania kwamba najua. Wala mzee. Na wewe usije ukawaambia wakipita.

Jumatano ikaenda, Alhamisi ikaenda, sikupata habari. Nilikuwa nakata tiketi za watu huku nawaza jicho. Wiki iliyofuata, mchana, simu ikalia, nayo ilikuwa sauti ileile ya Mama Anania, ila iko wazi, na nyuma yake watoto wanapiga kelele.

"Mdogo wangu, tunataka kusogeza kurudi. Daktari anataka kumwona tena Ijumaa."

"Alifanyiwa?"

"Alifanyiwa. Ukungu umetoka. Wamempa miwani ina kamba, anaivua, tunamvalisha, anaivua. Siku ya kwanza alipoivaa alimtazama mwenzake mpaka Ayubu akaanza kulia. Akadhani anatishiwa."

Nikacheka, nikafuta macho, nikaanza kazi. Nikawasogeza wote wanne kwa pamoja, namba moja, kwenda Jumamosi, nikamtajia faini, akasema sawa. Ikabaki viti. Mama Zawadi alikuwa amesharudi zamani na mahesabu yake ya maharage. Nikaangalia orodha ya siku hiyo, palikuwa na dada mmoja muuguzi aliyekata kwetu.

"Dada," nikasema, "nikutafutie mtu wa kukaa katikati kama wakati ule?"

Nikasubiri, kalamu mkononi. Halafu nikamsikia akigeuka kutoka kwenye simu na kumsemesha mtu aliyekuwa palepale chumbani, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi.

"Baba, wanauliza kama watutafutie mtu wa kukaa katikati yetu."

Jibu la mzee likaja kutoka karibu, karibu kuliko nilivyotarajia.

"Wa nini?"